Kalenda ya Kitamil: Jinsi ya Kujua Sikukuu na Siku za Kufunga Zinaangukia Lini

Mwaka 2023 Vaikunta Ekadashi, siku kubwa kuliko zote za kufunga kwa Watamil wanaomwabudu Vishnu, ilikuja mara mbili: 2 Januari na 23 Desemba. Mwaka 2024 haikuwapo kabisa. Mwaka 2025 ikarudi mara mbili tena, 10 Januari na 30 Desemba. Anayetazama kalenda ya ukutani atadhani mchapaji amekosea, lakini kwa hesabu ya Kitamil siku hiyo ilifika mara moja kila mwaka na haikuruka hata mmoja. Vaikunta Ekadashi ni siku ya 11 ya mwezi unaokua ndani ya mwezi wa jua uitwao Margazhi, na Margazhi huanza katikati ya Desemba na kuisha katikati ya Januari. Kalenda ya Januari hadi Desemba inaukata Margazhi katikati, basi siku hiyo huangukia upande huu au ule wa kisu.

Karibu kila utata wa sikukuu za Wahindu wa Kitamil hufunguka hivyohivyo. Uliza maswali mawili. Kwanza, siku hii inafuata nini: jua, umbo la mwezi, au mahali mwezi ulipo kati ya nyota? Pili, kitu hicho kinatakiwa kiwepo saa ngapi ya siku? Swali la pili ndilo watu wengi hulisahau, na ndilo linalowafanya wafunge siku isiyo yao.

Jua hutoa jina la mwezi

Msomaji wa pwani hatashangazwa na kalenda mbili kuishi nyumba moja. Waswahili wamefuata mwezi kwa ibada na Nairuzi ya jua kwa kilimo na pepo za bahari, kila moja kwa kazi yake. Watamil hawakuzitenganisha: waliuweka mwezi wa angani ndani ya mwezi wa jua. Ndiyo maana sikukuu zao huchezacheza kwa wiki kadhaa lakini hazizunguki mwaka mzima kama Ramadhani, inayorudi nyuma siku 11 hivi kila mwaka.

Miezi ni 12: Chittirai, Vaikasi, Aani, Aadi, Aavani, Purattasi, Aippasi, Karthigai, Margazhi, Thai, Maasi na Panguni. Kila mmoja huanza jua linapoingia katika buruji mpya, buruji zinazopimwa kwa nyota zenyewe na si kwa majira. Kwa kuwa dunia hukimbia zaidi ikiwa karibu na jua, mwanzoni mwa Januari, Margazhi huwa na siku 29 au 30, ilhali Aani hufika 31 au 32. Hakuna wimbo wa kukariri idadi ya siku. Hubadilika mwaka hadi mwaka.

Jua likiingia buruji kabla ya kuzama, siku hiyohiyo ndiyo tarehe 1. Likiingia baada ya kuzama, tarehe 1 ni kesho yake. Kanuni ni fupi, ila majirani hawaifuati. Mwaka 2023 jua liliingia buruji ya kwanza tarehe 14 Aprili, yapata saa 9 alasiri. Tamil Nadu, jimbo la Watamil kusini mwa India, wakasherehekea Puthandu, mwaka wao mpya, siku hiyo. Jimbo jirani la Kerala, ambako mpaka wa hesabu ni saa 7 mchana na dakika kidogo, wakasherehekea Vishu, mwaka mpya wao, tarehe 15. Jua ni lilelile na dakika ni ileile, lakini sikukuu zikawa mbili.

Mwaka wa jua kwa nyota una siku 365, saa 6 na dakika 9. Kwa hiyo kila mwaka jua huchelewa kuingia buruji kwa saa 6 hivi, kisha mwaka mrefu wenye 29 Februari huirudisha nyuma hesabu hiyo. Mwaka 2024 liliingia buruji ya Thai usiku wa kuamkia 15 Januari, na Pongal, sikukuu ya kulishukuru jua, ikawa tarehe 15. Mwaka 2025 liliingia asubuhi ya tarehe 14, na Pongal ikawa tarehe 14. Kwa wastani mwaka huu wa nyota ni mrefu kuliko wa kalenda ya Januari hadi Desemba kwa dakika 20 hivi, nazo husogeza sikukuu hizi mbele kwa siku 1 kila miaka 70 hivi, polepole mno kwa mtu mmoja kuligundua.

Miaka yenyewe haihesabiwi sana kwa namba. Kuna majina 60 yanayozunguka. Mwaka ulioanza Aprili 2025 ni Visuvavasu, na unaofuata ni Parabhava.

Tithi: siku isiyo na saa 24

Umbo la mwezi hupimwa kwa tithi. Kila mwezi unapojitenga na jua kwa nyuzi 12, tithi moja imekwisha. Tithi 30 hutimiza mzunguko kutoka giza hadi giza: 15 za mwezi unaokua, zinazoishia mwezi mpevu uitwao Pournami, na 15 za mwezi unaopungua, zinazoishia giza la Amavasai. Mwezi hauna mwendo mmoja, kwa hiyo tithi huchukua kati ya saa 20 hivi na karibu saa 27. Inaweza kuanza wakati wowote, hata usiku wa manane.

Siku ya Kitamil huanza jua linapochomoza, si magharibi kama tunavyosema "usiku wa kuamkia Ijumaa". Kalenda iliyochapwa huandika tithi iliyopo jua linapochomoza. Tithi ndefu inaweza kukuta machomozo mawili, basi jina moja likaandikwa siku mbili mfululizo. Fupi inaweza kuzaliwa na kufa kati ya machomozo mawili, isiandikwe popote.

Hapa ndipo swali la saa linapoingia. Ekadashi, tithi ya 11, hutazamwa jua linapochomoza. Vinayagar Chaturthi, sikukuu ya mungu Ganesha katika Aavani, hutazamwa mchana wa saa sita. Pradosham, ibada ya mungu Shiva, ni tithi ya 13 iliyopo jua linapozama. Sankatahara Chaturthi ni tithi ya 4 ya mwezi unaopungua iliyopo mwezi unapochomoza, yapata saa 3 usiku, na mfungaji hali mpaka auone. Maha Shivaratri ya mwezi wa Maasi ni tithi ya 14 ya kupungua iliyopo usiku wa manane. Deepavali (Diwali) ni tithi ya 14 ya kupungua katika Aippasi, na inatakiwa iwepo kabla ya mapambazuko.

Chukua Pradosham. Tithi ya 13 imeanza Jumatatu saa 9 alasiri na imeisha Jumanne saa 8 mchana. Kalenda itaiandika Jumanne, maana ndiyo iliyokuwapo asubuhi ya Jumanne. Mwenye haraka atafunga Jumanne na kwenda hekaluni jioni, akute ibada ilifanyika jana. Jua lilipozama Jumatatu, tithi ya 13 ilikuwapo. Lilipozama Jumanne, ilikuwa imekwisha. Hekaluni saa zenyewe ni kuanzia saa 10:30 hadi saa 12 jioni: Nandi, ng'ombe dume wa jiwe anayemwelekea Shiva, huogeshwa kwa maziwa, mtindi, asali na maji ya sandali kabla taa hazijazungushwa. Ikiangukia Jumamosi hekalu hujaa, kwani Sani Pradosham ina uzito wa pekee.

Ekadashi kwa karibu

Katika funga zote hii ndiyo yenye kanuni nyingi, na ndiyo inayokosewa zaidi. Huja mara mbili kwa mwezi, kama 24 kwa mwaka. Kazi huanza jana yake, tithi ya 10: mlo mmoja mchana, usiku hakuna. Siku yenyewe wali hauliwi kabisa; wanaoshika sana huacha nafaka zote na kunde. Wenye nguvu hukaa bila maji. Wengine hunywa maji tu, wengine hula matunda na maziwa, na wengine hula mara moja chakula chepesi kisicho cha mchele. Chakula kinachopendwa kwa hili ni javvarisi, punje nyeupe za wanga zilizoenea madukani kutoka wilaya ya Salem, na wanga huo ni wa muhogo. Vitunguu na vitunguu saumu huachwa. Desturi ya zamani huwasamehe walio chini ya miaka 8 na waliozidi 80. Mgonjwa, mjamzito na anayetumia dawa za kisukari nao hawalazimishwi.

Funga haiishi kwa kulala. Inapaswa kufunguliwa tithi ya 12, baada ya jua kuchomoza na kabla tithi hiyo haijaisha. Zaidi ya hapo, robo ya kwanza ya tithi ya 12 huepukwa. Kwa hiyo kuna asubuhi ambazo dirisha la kufungua ni la nusu saa tu, na kuna siku mtu anangoja hadi mchana. Aliyefunga vizuri kisha akalala mpaka dirisha likafungwa amekosea sehemu ambayo vitabu vya ibada huikazania kama funga yenyewe. Mlo wa kufungulia una majani ya agathi yaliyochemshwa, tunda chachu la nellikai, na sundakkai, vitunda vidogo vichungu vya jamii ya bilinganya. Tumbo lililokaa tupu huanza na hivyo. Wali mwingi wenye pilipili ukiwa ndio wa kwanza, unachoma.

Kuna mgawanyiko mwingine. Wavaishnava, wafuasi wa Vishnu wenye msimamo mkali wa kanuni, hawakubali ekadashi iliyoguswa na tithi ya 10. Wanahesabu nazhigai 4 kabla ya jua kuchomoza; nazhigai moja ni dakika 24, basi ni dakika 96. Tithi ya 10 ikiwa bado ipo ndani ya dakika hizo, wanasogeza funga hadi kesho yake. Wengine hutazama machomozo tu. Ndiyo maana kalenda moja huandika ekadashi mbili zilizofuatana, kila moja na watu wake.

Sasa mtu akiwa Dar es Salaam au Nairobi, kalenda ya Chennai, mji mkuu wa Tamil Nadu, haimtoshi. Tithi huisha kwa wakati mmoja dunia nzima, lakini jua halichomozi kwa wakati mmoja. Saa za India ziko mbele ya Afrika Mashariki kwa saa 2 na nusu. Fuata mfano huu wa hesabu.

Kalenda ya Chennai inasema tithi ya 10 inaisha Jumanne saa 1:40 asubuhi, na ya 11 inaisha Jumatano saa 2:30 asubuhi. Huko jua linachomoza saa 12:10. Jumanne asubuhi tithi ya 10 bado ipo, Jumatano asubuhi ipo ya 11: wote wanafunga Jumatano. Toa saa 2 na nusu upate saa za Dar. Tithi ya 10 inaisha Jumanne saa 11:10 alfajiri, ya 11 inaisha Jumatano saa 12:00 asubuhi. Jua la Dar, tuseme, linachomoza saa 12:15. Jumanne linachomoza ekadashi ipo. Jumatano linachomoza imekwisha dakika 15 zilizopita. Basi Dar funga ni Jumanne. Ila toa dakika 96 kutoka saa 12:15, unapata saa 10:39 alfajiri, na tithi ya 10 ilikuwapo mpaka saa 11:10. Mvaishnava wa Dar atafunga Jumatano. Aliyefunga Jumanne naye asifungue mapema Jumatano: tithi ya 12 imeanza saa 12:00 asubuhi, na ikichukua saa 24 robo yake ya kwanza ni mpaka saa 6 mchana.

Aliyenakili tarehe ya Chennai bila hesabu atafunga Jumatano akidhani yuko na wote. Hesabu hii ni ya dakika tano na karatasi. Ifanye kila mara tithi inapoanza au kuisha karibu na alfajiri. Ikiisha katikati ya usiku au mchana kweupe, tarehe za Chennai na Dar kwa kawaida hulingana.

Manzili na Kilimia

Saa ya tatu ni manzili za mwezi. Falaki ya Kiarabu huhesabu 28. Watamil huhesabu 27, kila moja nyuzi 13 na dakika 20, na mwezi hukaa humo kwa siku moja hivi. Sikukuu nyingi za Murugan, mungu mwana wa Shiva, hufuata manzili: Vaikasi Visakam, Panguni Uthiram, Thai Poosam. Jina lenyewe linakupa hesabu: neno la kwanza ni mwezi wa jua, la pili ni manzili. Ukiona "Maasi Magam" umeshajua utafute mwezi ukiwa Magam, ndani ya Maasi. Hiyo ndiyo siku ya mji wa Kumbakonam, na kila miaka 12 hugeuka Mahamaham, watu wakioga katika bwawa la hekalu. Ya mwisho ilikuwa 2016.

Mwezi huzunguka manzili zote kwa siku 27 na theluthi, na mwezi wa jua hufika siku 31 au 32. Kwa hiyo manzili moja inaweza kuja mara mbili ndani ya mwezi mmoja, tarehe 2 na tarehe 29 kwa mfano. Kwa siku ya kuzaliwa kwa manzili, desturi ya kawaida ni kuchukua ya pili.

Manzili ya Krittikai ni nyota ambazo Mswahili anazijua vizuri: Kilimia. Murugan alilelewa na hizo nyota sita, kwa hadithi ya Kitamil, ndiyo maana wengi humfungia kila mwezi unapopita Kilimia. Katika mwezi wa Karthigai, mwezi unapokuwa mpevu karibu na Kilimia, ndipo Karthigai Deepam. Katika mji wa Tiruvannamalai moto mkubwa wa samli huwashwa juu ya kilele cha mlima jioni, na nyumba hazipangi taa zao za udongo mpaka moto huo uonekane. Mlima huohuo watu huuzunguka kila Pournami kwa miguu mitupu, kilomita 14. Barabara ya mchana hubakiza joto la lami. Wazoefu huanza usiku.

Kalenda mbili za Kitamil

Hata Watamil wawili wa mtaa mmoja wanaweza kutofautiana. Kalenda za Vakya hutumia majedwali ya kale yaliyokaririwa kwa mafungu ya maneno. Kalenda za Thirukanitha hutumia hesabu za kisasa za anga. Kwenye tithi zinaweza kuachana kwa saa kadhaa. Kwenye sayari za polepole zinaachana vibaya: kuhama kwa Zohali kuliandikwa Machi 2025 na moja, Machi 2026 na nyingine. Mahekalu mengi ya Tamil Nadu hushika Vakya. Ushauri wetu ni mmoja: shika ya hekalu lako au ya wazee wako, na usichanganye. Kuchukua mwanzo wa tithi kwenye moja na mwisho wake kwenye nyingine ndilo kosa baya kuliko yote, kwa sababu hesabu inakuwa haina mwenyewe.

Miezi yenye tabia yake

Aadi, katikati ya Julai hadi katikati ya Agosti, hauna harusi. Ni mwezi wa Amman, mama mungu: Ijumaa zake huwekwa kwa ibada, na uji wa ulezi hupikwa sufuria kubwa na kugawiwa nje ya hekalu. Tarehe 18 ni Aadi Perukku, shukrani kwa mto Kaveri unapofura. Hii hufuata jua tu, kwa hiyo haina utata wowote. Purattasi nyumba nyingi huacha nyama mwezi mzima na kumfungia Vishnu kila Jumamosi.

Aippasi ni wa Deepavali, na hapa Mtamil wa Nairobi huachana na jirani yake. Wahindu wengi wa Afrika Mashariki wana asili ya Gujarati: taa zao ni jioni, giza la Amavasai likiwa limeingia, na mwaka wao mpya huanza mara baada yake. Mtamil huamka kabla ya alfajiri, hupakwa mafuta ya ufuta kichwani na mwilini, huoga maji ya moto, hulamba legiyam ya tangawizi, pilipili manga na sukari guru, kisha huvaa nguo mpya. Mwaka wake mpya uko mbali, Aprili. Mara nyingi tarehe hulingana, ila miaka mingine huachana kwa siku moja, na hakuna aliyekosea. Baada ya Amavasai hiyo huanza siku sita za kumfungia Murugan, Skanda Sashti, zinazoishia ufukweni Tiruchendur kwa kuigizwa kuuawa kwa Sooran, zimwi aliyeshindwa na Murugan.

Pongal, tarehe 1 ya Thai, ni shukrani kwa jua, hivyo hupikwa uani jua likionekana. Chungu hufungwa mche wa manjano mbichi shingoni. Maziwa huchemshwa mpaka yafurike, wote wakiita "Pongalo Pongal!", ndipo mchele mpya unapotiwa. Kwa kikombe 1 cha mchele weka robo kikombe ya choroko zilizokobolewa na kukaangwa kidogo, na vikombe 4 hadi 5 vya maji na maziwa. Sukari guru, kikombe 1 na nusu, iyeyushwe pembeni kwa maji kidogo na kuchujwa, maana huwa na mchanga. Itiwe mchele ukiwa umeiva na kupondeka. Ikitangulia, mchele hukaza na hauivi tena hata ukiongeza kuni, na maziwa yanayochemka huweza kukatika. Mwisho iliki, samli, korosho na zabibu.

Amavasai ni ya waliotangulia. Mwana ambaye baba yake amefariki humwaga maji yenye ufuta mweusi kwa majina ya wazee wake. Ambaye baba yake yu hai hafanyi. Kwa kanuni tithi inatakiwa iwepo alasiri, katika sehemu ya nne ya mchana uliogawanywa mara tano, karibu saa 7:12 hadi saa 9:36, ndiyo maana siku yake wakati mwingine hutangulia ile iliyoandikwa Amavasai. Amavasai za Aadi, Purattasi na Thai ndizo kubwa. Jikoni ni ndizi mbichi na dengu, bila vitunguu, na hakuna anayekula mpaka tonge la wali liwekwe nje na kunguru alishukie. Kwa Dar na Unguja hilo halina shida: kunguru wa huku, mwenye shingo ya kijivu, ni yuleyule wa India, aliyeletwa Unguja miaka ya 1890.